Afua za mapema kwa watoto wadogo wenye usonji

Afua za mapema kwa watoto wenye usonji ni huduma za malezi, mafunzo na tiba anazopewa mtoto kabla ya umri wa kuanza shule ili aweze kuwasiliana, kucheza, kujihudumia na kuishi vizuri na watu wanaomzunguka. Kwa kawaida huanza mtoto akiwa kati ya mwaka mmoja na miaka mitano. Haziondoi usonji, kwa sababu usonji si maradhi yanayotibiwa yakaisha. Ni namna ubongo unavyokua, tangu mtoto akiwa tumboni. Zinachoweza kubadilisha ni uwezo wa mtoto kueleweka na uwezo wa jamaa zake kumwelewa. Tafiti za miongo minne zimethibitisha jambo lenye uzito wa pekee kwa nchi zenye wataalamu wachache: sehemu kubwa ya msaada huu inaweza kutolewa na mzazi au mlezi aliyefundishwa vizuri, nyumbani, katika shughuli za kila siku, na inaweza kuanza kabla cheti cha daktari bingwa hakijapatikana.

Usonji na vyanzo vyake

Usonji huonekana katika mambo mawili makuu. La kwanza ni ugumu wa kuwasiliana na kuhusiana na watu. La pili ni mwelekeo wa kurudiarudia vitendo, kushikilia utaratibu mmoja, na kupokea sauti, mwanga, harufu au miguso kwa namna isiyo ya kawaida. Watoto wenye hali hii hawafanani. Mmoja hutamka tangazo zima la redio lakini hawezi kuomba maji. Mwingine hasemi kabisa, ila anazijua njia zote za mtaa wao. Wa tatu anatambua herufi akiwa na miaka mitatu na bado hawezi kuvumilia shati lenye lebo shingoni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Wavulana hutambuliwa zaidi kuliko wasichana, na sehemu ya tofauti hiyo hutokana na dalili za wasichana kutoonekana kwa urahisi.

Chanzo kikubwa ni vinasaba. Kuzaliwa njiti, umri mkubwa wa wazazi na matumizi ya valproate, dawa ya kifafa, wakati wa ujauzito huongeza uwezekano. Usonji hausababishwi na malezi mabaya, wala laana, wala uchawi. Chanjo nazo hazihusiki. Makala ya mwaka 1998 iliyoituhumu chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela ilifutwa na jarida la The Lancet mwaka 2010. Utafiti wa Denmark uliochapishwa mwaka 2019, uliofuatilia watoto zaidi ya 650,000, haukuona uhusiano wowote kati ya chanjo hiyo na usonji.

Kwa nini mapema

Mtoto hujifunza lugha kwa kupokezana na watu. Mama ananyoosha kidole kumwonesha paka, mtoto anafuata kidole, anasikia jina la mnyama, anacheka, anajibu kwa sauti yake. Hayo hutokea mara nyingi kwa siku bila mtu yeyote kuyapanga. Mtoto mwenye usonji huenda asikifuate kile kidole, au akasikia neno wakati macho yake yako kwenye gurudumu la baiskeli linalozunguka, na hapo neno na kitu havikutani. Miezi inavyopita, yale ambayo wenzake wanayapata bila kufundishwa yeye anayakosa, si kwa kukosa akili, bali kwa sababu hakuna aliyemfuata pale macho yake yalipokuwa.

Katika miaka mitatu ya kwanza ubongo huunda miunganisho ya neva kwa kasi kubwa, na ndiyo sababu msaada wa wakati huo una nguvu. Hata hivyo, mtoto aliyechelewa kufikiwa hajapitwa. Watoto wanaoanza kusaidiwa wakiwa na miaka sita, tisa au zaidi hujifunza pia, na familia zao hazipaswi kuambiwa kwamba wakati umekwisha.

Dalili na utambuzi

Dalili zinazostahili kuangaliwa ni hizi:

- kutoitikia jina lake anapofikisha miezi 12, ingawa anasikia sauti nyingine;
- kutonyoosha kidole kuonesha kinachomfurahisha anapokaribia mwaka mmoja na nusu;
- kutokuwa na neno hata moja akiwa na miezi 16, au kutounganisha maneno mawili akiwa na miaka miwili;
- kuushika mkono wa mtu mzima na kuutumia kama chombo bila kumwangalia usoni;
- kupanga vitu mistari, kuzungusha vitu au kupigapiga mikono hewani kwa muda mrefu;
- kupoteza maneno au tabasamu alilokuwa nalo, katika umri wowote.

Dalili moja pekee haitoshi kusema mtoto ana usonji, lakini kupoteza maneno kunataka uchunguzi bila kuchelewa. Hatua ya kwanza ni kupima masikio, kwa kuwa mtoto asiyesikia naye haitikii jina. Dodoso linalotumika sana ni M-CHAT-R/F, lenye maswali 20 ya ndiyo au hapana kwa mzazi wa mtoto wa miezi 16 hadi 30. Kazi yake ni kuchuja wanaohitaji kuangaliwa zaidi. Halitoi uamuzi wa mwisho. Chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinashauri kila mtoto achujwe akiwa na miezi 18 na tena akiwa na miezi 24. Mtaalamu mzoefu anaweza kuthibitisha usonji kwa uhakika mtoto akiwa na miaka miwili.

Mahali pengi wasiwasi wa mama hutulizwa kwa maneno ya kawaida: wavulana huchelewa kusema, hata baba yake alichelewa, atasema tu. Ni kweli baadhi ya watoto huchelewa kisha wakasema vizuri. Lakini kumfundisha mzazi namna ya kucheza na kuzungumza na mtoto aliyechelewa hakuna madhara hata ikija kuonekana kwamba hana usonji. Kusubiri mwaka mzima kunaweza kuwa na madhara. Kwa hiyo kanuni inayokubalika na wataalamu ni kuanza kusaidia mara shaka inapoingia, uchunguzi ukiendelea sambamba.

Historia

Daktari Grunya Sukhareva wa Moscow alieleza watoto wenye sifa hizi katika miaka ya 1920. Mwaka 1943 Leo Kanner wa Johns Hopkins, Marekani, alichapisha maelezo ya watoto 11, na mwaka uliofuata Hans Asperger wa Vienna akatoa yake. Kwa zaidi ya miaka ishirini baadaye, akina mama walibebeshwa lawama kwamba ubaridi wao ndio uliowafunga watoto, dai lililopata umaarufu kupitia kitabu cha Bruno Bettelheim cha mwaka 1967. Bernard Rimland, mwanasaikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa ameshalipinga katika kitabu chake cha mwaka 1964, akionesha kwamba chanzo ni cha kibiolojia.

Eric Schopler na Robert Reichler wa Chuo Kikuu cha North Carolina walikwenda mbali zaidi. Kuanzia mwaka 1966 waliwafanya wazazi kuwa washirika katika tiba, na mwaka 1972 kazi yao ikawa mpango wa jimbo zima uitwao TEACCH. Mama aliyekuwa akihesabiwa kuwa chanzo cha tatizo akawa mshirika wa wataalamu katika kumfundisha mtoto.

Mwaka 1987 Ivar Lovaas wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles (UCLA), alitangaza kwamba kati ya watoto 19 waliofundishwa kwa saa 40 kwa wiki kwa miaka miwili au zaidi, 9 walifikia akili ya kiwango cha kawaida na kuingia darasa la kwanza pamoja na wenzao. Matokeo hayo yaliamsha matumaini makubwa na yakaanzisha huduma nyingi nchini Marekani. Kasoro zake zilikuwa nzito: watoto hawakugawanywa kwa nasibu katika makundi ya kulinganisha, na mbinu zake zilijumuisha adhabu ambazo leo zinakataliwa.

Mbinu kuu

Uchambuzi tumizi wa tabia, unaojulikana kwa kifupi ABA, huligawa jambo la kujifunza katika hatua ndogo na kumtuza mtoto kila anapofaulu hatua moja. Katika umbo lake la zamani mtoto na mwalimu huketi mezani, agizo hutolewa, jibu husubiriwa, tuzo hufuata. Mtoto anaweza kujifunza mengi kwa njia hiyo, lakini mara nyingi alichojifunza hubaki pale mezani.

Mbinu za kimaendeleo zinazotumia mazingira ya kawaida zilizaliwa kutokana na upungufu huo. Kanuni za kujifunza ni zilezile, ila hufanyika ndani ya mchezo, mlo na kuoga, na mtoto ndiye anayechagua shughuli. Miongoni mwake ni Mwanzo wa Mapema wa Denver (ESDM), ulioanzishwa na Sally Rogers na Geraldine Dawson; JASPER ya Connie Kasari, inayokazia mchezo na kuangalia kitu kimoja pamoja; na mbinu ya Robert na Lynn Koegel inayolenga stadi chache ambazo zikikua huvuta nyingine.

PACT, iliyoendelezwa Uingereza na Jonathan Green na wenzake, haimfundishi mtoto moja kwa moja. Mzazi hurekodiwa video akicheza na mtoto wake, kisha yeye na mtaalamu huitazama pamoja na kutafuta zile nyakati fupi ambapo mtoto alijaribu kuwasiliana na mzazi akamjibu vizuri.

TEACCH hupanga mazingira ili yaeleweke kwa macho: picha za ratiba, kona ya kucheza, kona ya kula, na alama za kuonesha kazi imeanza wapi na inaishia wapi. PECS, iliyoanzishwa na Andy Bondy na Lori Frost mwaka 1985, humfundisha mtoto asiyesema kumpa mtu picha ya kitu anachokitaka. Wazazi wengi huhofu kwamba picha, ishara za mikono au kifaa chenye sauti vitamfanya mtoto asiseme. Ushahidi hauungi mkono hofu hiyo. Watoto wengi huongeza maneno wakishapata njia ya kueleweka. Tiba ya usemi na tiba kazi huungana na mbinu zote hizi, hasa pale mtoto anaposumbuliwa na kutafuna, kulala, kuvaa au kelele.

Mzazi anachofanya

Kinachofundishwa katika mbinu zenye ushahidi bora hakihitaji vifaa vya gharama. Mzazi huketi mbele ya mtoto, uso wake ukiwa usawa wa macho yake. Huangalia mtoto anafanya nini, kisha hujiunga naye badala ya kumhamisha. Mtoto akipanga vizibo, mzazi naye anapanga, kwa zamu. Akitoa sauti, mzazi anairudia. Maneno huwa machache na ya hapohapo: "mpira," "mpira juu," "umeanguka." Mtoto akishaanza kutumia neno moja, mzazi hujibu kwa mawili.

Jambo gumu zaidi ni kusubiri. Wakati wa kuoga, mama anamwagia mtoto maji kwa kikombe mara mbili, tatu, huku akisema "maji!" Mara ya nne anainua kikombe na kutulia, akimtazama kwa uso wenye matarajio. Mtoto anaweza kutazama kikombe, kunyoosha mkono, kutoa sauti au kumwangalia mama. Lolote kati ya hayo ni ombi, na papo hapo maji yanamwagwa pamoja na neno lake. Mtoto amejifunza kwamba kuwasiliana kunaleta kitu. Kuvaa viatu, kumenya ndizi, kulisha kuku na kupanda ngazi vinatoa nafasi hizohizo siku nzima, na kaka, dada na bibi wanaweza kuzitumia pia.

Lugha ya kuzungumza na mtoto ni ile ambayo familia inaimiliki kikweli. Wazazi wengi wenye lugha mbili au tatu hushauriwa wabaki na Kiingereza pekee ili wasimchanganye mtoto. Tafiti za watoto wenye usonji wanaokua katika lugha zaidi ya moja hazijaonesha kwamba huchelewa zaidi kwa sababu hiyo. Mtoto wa Kilifi, pwani ya Kenya, ambaye bibi yake huzungumza Kigiriama akikatazwa lugha hiyo anapoteza mwalimu wa kila siku, na bibi anampoteza mjukuu wa kuzungumza naye.

WHO imeandaa mpango wa kuwafundisha walezi wa watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye ucheleweshaji au ulemavu wa ukuaji. Una vikao 9 vya kikundi na ziara 3 za nyumbani, na unaweza kuendeshwa na wahudumu wasio mabingwa baada ya kufunzwa na kusimamiwa. Una sehemu ya kutunza afya ya akili ya mlezi mwenyewe, kwa sababu mlezi aliyechoka na kutengwa hawezi kumpa mtoto utulivu asionao.

Ushahidi unasema nini

Jaribio la nasibu la ESDM la mwaka 2010 lilihusisha watoto 48 wa miezi 18 hadi 30. Baada ya miaka miwili, waliopata mpango huo walipanda wastani wa pointi 17.6 katika vipimo vya ukuaji wa akili, na wenzao waliopata huduma za kawaida pointi 7. Jaribio kubwa zaidi la mwaka 2019 lilionesha faida katika lugha, lakini halikurudia matokeo yote ya lile la kwanza.

PACT ilijaribiwa kwa watoto 152 Uingereza. Matokeo ya mwaka 2010 yalionesha wazazi wakiitikia watoto wao vizuri zaidi, ingawa dalili za usonji zenyewe hazikutofautiana sana kati ya makundi. Watoto hao walipofuatiliwa tena, takriban miaka sita baada ya mafunzo kwisha, waliokuwa katika PACT walikuwa na dalili nyepesi zaidi. Mbinu hiyo ilirekebishwa kwa ajili ya India na Pakistani na kutolewa na wahudumu wasio mabingwa kwa familia 65; uitikiaji wa wazazi uliongezeka huko pia. Nchini Australia, utafiti wa mwaka 2021 uliwapa wazazi wa watoto wachanga wenye dalili za awali mafunzo kama hayo ya video. Watoto hao walipofika miaka mitatu, asilimia 6.7 yao walitimiza vigezo vya usonji, dhidi ya asilimia 20.5 ya wasiopata mafunzo.

Swali la idadi ya saa za mafunzo limebadilika pia. Kwa miaka mingi familia ziliambiwa kuwa chini ya saa 25 au 40 kwa wiki ni kazi bure. Uchambuzi wa tafiti 144 uliochapishwa mwaka 2024 na Micheal Sandbank na wenzake haukuona ushahidi thabiti kwamba saa nyingi zaidi huleta matokeo bora. Kwa familia zisizoweza kulipia hata saa tano, matokeo hayo yanaondoa mzigo wa hatia usiostahili.

Mjadala na njia zenye madhara

Watu wazima wenye usonji wamekuwa wakosoaji muhimu wa afua za mapema. Wanapinga kumlazimisha mtoto kumtazama mtu machoni, kumzuia kupigapiga mikono isiyomdhuru mtu, au kumzoesha kutii kila agizo hata la anayemtendea vibaya. Hoja hizi zimebadilisha malengo ya programu nyingi: badala ya kumfanya mtoto afanane na wengine, hulenga mawasiliano, usalama, usingizi, chakula na furaha yake.

Hakuna dawa inayoondoa usonji. Kumnywesha mtoto dawa ya kupaushia nguo kwa jina la "madini" na kumpa dawa za kuondoa metali mwilini bila sababu ya kitabibu ni hatari na kumewahi kudhuru watoto. Kumchanja chale, kumfunga kamba, kumchapa au kumfungia ndani havimfundishi chochote isipokuwa hofu. Familia inayotafuta dua au maombi haistahili kubezwa. Inachohitaji kuelezwa ni kwamba sala haizuii mafunzo, na mafunzo hayapingani na imani.

Afrika Mashariki

Katika miaka ya 1970 mtafiti Victor Lotter alizuru taasisi za watoto katika nchi kadhaa za Afrika, Kenya ikiwemo, na kuthibitisha kwamba usonji upo barani. Kenya ilianzisha vituo vya tathmini ya watoto wenye mahitaji maalumu mwaka 1984, na taasisi ya kuwafunza walimu wa elimu maalumu, KISE, mwaka 1986. Chama cha Usonji cha Kenya kilianzishwa na wazazi mwaka 2003, na kitengo cha watoto wenye usonji kikafunguliwa katika Shule ya Msingi City, Nairobi. Kilifi imekuwa kitovu cha utafiti. Huko ndiko kilikotengenezwa kipimo cha ukuaji wa watoto kinachotumia vitu na shughuli wanazozijua watoto wa pwani, na Kenya na Ethiopia zimeshirikiana kuujaribu mpango wa WHO wa mafunzo kwa walezi. Utafiti wa pwani ya Kenya uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kuwa wazazi hutaja mapepo, uchawi na laana pamoja na sababu za kitabibu, na kwamba familia hupita kwa mganga, kanisani au msikitini na hospitalini kwa wakati mmoja.

Nchini Tanzania, Shule ya Msingi Msimbazi Mseto ya Dar es Salaam ina kitengo cha wanafunzi wenye usonji. Moshi ina chuo cha tiba kazi katika hospitali ya KCMC, na Kituo cha Gabriella hutoa mafunzo kwa watoto na familia zao. Juhudi hizi ni za thamani, lakini nyingi humfikia mtoto akiwa tayari na umri wa shule, na wataalamu wa usemi ni wachache mno, wengi wao wakiwa mijini. Gharama ya nauli, aibu inayowafanya baadhi ya familia kuficha watoto, na desturi ya kumlaumu mama peke yake huongeza ucheleweshaji.

Njia ya kuufupisha ucheleweshaji huo ipo. Kliniki ya mama na mtoto tayari huwaona karibu watoto wote kwa ajili ya chanjo na kupima uzito. Muuguzi anayeuliza "anaitikia jina?" na "ananyoosha kidole kukuonesha kitu?" katika ziara ya miezi 18 anaweza kugundua shaka miaka kadhaa kabla ya mwalimu wa darasa la kwanza. Mhudumu wa afya wa jamii aliyefunzwa anaweza kukaa na mama na baba nyumbani na kuwaonesha namna ya kuanza, wakati rufaa ya hospitali ikisubiriwa.

Kupima maendeleo

Maendeleo hayapimwi kwa kuhesabu dalili zilizofichika. Hupimwa kwa yale ambayo mtoto sasa anaweza: kuomba, kukataa, kuonesha panapomuuma, kula vyakula zaidi ya viwili, kulala usiku, kucheza karibu na mwenzake. Baadhi watasema sentensi ndefu. Wengine watatumia picha maisha yao yote. Wote wana haki ya kuingia shuleni wakiwa na njia ya kueleweka, na mwalimu anapaswa kukabidhiwa njia hiyo siku ya kwanza, ikiwa imeandikwa na wazazi ambao ndio wanaoifahamu kuliko mtu mwingine yeyote.